Dawa Iliyoogopa Mto Thuci

Huku kwetu Igembe, ukitaka binti wa watu huendi na maneno matupu. Unaenda na ncoolo, yaani kitita kinene cha miraa ya miti mikongwe, kimevikwa jani changa la mgomba na kukazwa kwa kamba ya mgomba huo huo. Wazee wa upande wa msichana wanakigeuza, wanakibinya, wanakinusa, na kabla kijana hajafungua kinywa wameshajua ametoka nyumba ya namna gani. Kitita kikilegea, wanasema hata nyumba italegea. Kikifunguka njiani, bora mrudi mkalime.

Upande wetu wa Maua, tangu wakoloni waondoke mpaka simu za mkononi zilipoingia, mfungaji alikuwa shemeji yangu Bundi, mume wa mdogo wangu Karwirwa. Wengine walifunga pia, lakini aliyetaka kuoa kweli alimwendea Bundi. Kuna ncoolo moja aliifunga, wabebaji wakateleza kwenye daraja la magogo, mto umejaa, ikaenda na maji mpaka Tharaka. Watharaka waliiopoa baada ya juma zima, wakakuta tone la maji halijaingia ndani, nao wakaitumia kuposea msichana wa kwao. Nyingine ilikazwa hata wakwe wakashindwa kuifungua. Wakasema basi, chukueni msichana kwanza, sisi tutaendelea kujaribu. Ilipofunguka msichana alikuwa na watoto wawili. Anayebisha akawaulize hao watoto, sasa ni watu wazima.

Watu hudhani ugonjwa wa Bundi ulianza mikononi. Mimi Kaari nilikuwa jirani yake, uzio ni mmoja, nami nasema ulianza tumboni, miaka mingi kabla.

Alikuwa akienda chooni asubuhi na redio yake. Habari zinasomwa, salamu zinatumwa, mahubiri yanaanza na kwisha, naye yuko mle mle. Nikawa namwita mwenyekiti.

"Mwenyekiti, kikao kimefungwa?" nilimuuliza siku moja akitoka.

"Shemeji, hakuna hata ajenda moja iliyopita."

Watu wakasema ni miraa, kwa kuwa miraa hufunga tumbo, hilo kila mtu analijua. Akaipunguza, kisha akaiacha, na mambo yakawa yale yale. Karwirwa akamnywesha maji ya chumvi, mafuta ya mbarika, na mizizi fulani michungu ambayo kuku wakisikia harufu ya chungu chake walihamia kwangu. Tumbo likanguruma kidogo, likalala tena. Akila vijiko viwili anasema ameshiba, na Bundi ninayemjua mimi hakuwa mtu wa kushiba. Kisha pua nayo ikafa. Siku moja maharagwe yaliungua jikoni mpaka majirani wakaja na ndoo za maji, tukamkuta ameketi karibu na jiko, anatuuliza tunakimbilia nini.

Mwisho wa yote ndipo ukaja mkono. Kidole gumba cha kulia kilianza kujisugua na kidole cha pili, polepole, bila kupumzika, kama mtu anayesokota kamba isiyoonekana. Hatua zake zikawa fupi. Uso ukatulia kama picha. Akaanza kufunga ncoolo zikitoka zimelegea, zimetunisha matumbo, na wateja wakaanza kumwendea Kivuti.

Kivuti alikuwa rafiki yake, mtu wa Mbeere aliyekuja zamani kuchuma miraa akasahau kurudi. Mtu mwema, lakini vifundo vyake vilikuwa vya kufungia ndama.

Makandi, binti mkubwa wa Bundi, anaishi Embu, mtaa wa Majimbo. Ndiye aliyekuja akamchukua baba yake akampeleka kwa daktari huko. Daktari akamtembeza, akamgeuza mikono, akasema ugonjwa unaitwa Pakinsoni, haumaliziki lakini una dawa. Akampa vidonge vya kumeza kila siku, asubuhi, mchana na jioni. Bundi akakaa kwa Makandi kwanza, ili waone.

Simu ikapigwa. Karwirwa akaja kwangu mbio, kitenge kinafunguka.

"Dada, anafunga vifungo vya shati mwenyewe. Anamenya viazi. Makandi anasema amefunga kuni za jirani mpaka jirani anaogopa kuzifungua."

Tulifurahi. Akarudishwa nyumbani na vidonge vyake, tukamngoja barabarani kama bwana harusi. Siku ya kwanza hivi hivi, siku zilizofuata vibaya zaidi. Alimeza vile vile vidonge, saa zile zile, na mkono ukaendelea kusokota. Makandi akamchukua tena Majimbo, akatengemaa. Akarudi, akaharibika.

Hapo ndipo niliposema kwamba hiyo dawa inaogopa mto Thuci, kwa kuwa ndio mpaka wa Embu na watu wetu, na ikishauvuka inapoteza nguvu. Nilisema kwa mzaha tu kisimani. Kufika Jumapili, watu wazima na akili zao walikuwa wananieleza mimi habari hiyo kana kwamba sijaisikia. Kivuti akatoa shauri kwamba safari nyingine mzee azungushwe mlima wote, apitie Nanyuki, ili dawa isiuone huo mto.

"Na ikikutana na mto mwingine?" nikamuuliza.

"Mito ya huko haijuani na dawa za Embu," akasema, wala hakucheka.

Mzaha ungeendelea, lakini Misheck alikuja na habari yake. Misheck ni kitinda mimba wa Bundi, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mpole. Alikuwa amempata Kiende, binti wa mzee Njura kule Ruiri, na wazee wa Ruiri walikuwa wamekubali wapelekewe ncoolo mwezi unaofuata.

Bundi alikuwa amewafungia vijana wa kilima kizima. Wanawe wakubwa waliooa walifungiwa na yeye. Alibaki huyu mmoja. Alimsikiliza mpaka mwisho, akautazama mkono wake ule, kisha akasema, "Nitaifunga mimi. Nikishindwa, Kivuti afunge, mwende. Lakini mimi sitakuja Ruiri kukaa nyuma ya kifundo cha mtu mwingine."

"Baba, usiseme hivyo," Misheck akasema.

"Nimeshasema."

Na Bundi akishasema, hata kumbembeleza ni kupoteza mate. Karwirwa akazidisha matunzo. Kwake dawa kali haiwezi kuingia kwa mtu aliye mtupu, kwa hiyo kila kidonge kilishuka na kikombe kikubwa cha maziwa ya ng'ombe wao, na nyuma yake njahi, yale maharagwe meusi, zilizopondwa na ndizi, na ikipatikana nyama, nyama. Hivyo ndivyo mgonjwa anavyotunzwa kwetu. Aliyenyimwa maziwa huku ni aliyekwisha kuhesabiwa na wafu.

Kina mama wa kanisani wakaona mambo yamezidi. Wakatangaza siku ya kufunga na kuomba, palepale nyumbani kwa Karwirwa. Tangu asubuhi hakuna jiko lililowashwa. Bundi naye akasema atafunga kwa kuwa mwenye shida ni yeye. Mchungaji akaruhusu vidonge, akasema dawa si chakula. Akavimeza kwa maji matupu.

Jua lilikuwa halijapanda sana. Tulikuwa katikati ya wimbo, nikafumbua jicho moja, maana mimi huwa naomba na jicho moja wazi. Nikamwona Bundi ameinuka kitini. Hakusukumwa, hakushikwa. Alikwenda kwenye ukuta akachomoa kamba ya mgomba iliyokuwa imening'inia, akavikusanya vitabu vya nyimbo vya kina mama kutoka mapajani mwao, kimoja kimoja, akavipanga, akavifunga. Kile kifundo kilikuwa kifundo. Wimbo ulikatika, ukaanza mwingine, na huo ukaimbwa bila vitabu kwa sababu hakuna aliyethubutu kuvifungua. Mimi nilicheza mpaka goti langu bovu likasahau kwamba ni bovu.

Sasa Mungu akikutendea jambo, huwezi kukaa kimya. Jumamosi ikafanywa karamu ya shukrani. Mbuzi alichinjwa, njahi zikapikwa sufuria kubwa, maziwa yakaletwa na kila aliyekuwa na ng'ombe. Makandi akaja kutoka Majimbo na jirani yake, Rahema, muuguzi, binti wa Ismael mwenye bucha pale Embu. Rahema ni Mwislamu, na mbuzi wetu alikuwa amechinjwa na Kivuti, kwa hiyo alikula viazi na kabichi. Kwa kuwa hakuwa na mfupa wa kumshughulisha, macho yake yalikuwa huru.

Bundi aliketi mbele. Kila mtu alitaka kumlisha aliyeponywa. Huyu anamletea ubavu, yule kikombe cha maziwa, na kidonge cha mchana kikapita humo humo katikati. Baada ya kula, mchungaji akamwita asimame aonyeshe watu. Kamba na jani vilikuwa tayari mezani.

Alisimama nusu. Miguu ikakataa, kana kwamba imepandwa pale na kumwagiliwa maji. Mkono ukaruka, kikombe kikamwagika. Akajaribu kushika kamba, ikamtoka. Akajaribu tena. Nyuma kuna mwanamke akanong'ona kwamba labda imani yake imepungua, na Bundi akamsikia, kwa maana masikio yalikuwa mazima. Akaketi akatazama ardhi. Namjua miaka yote hiyo, na kwa mara ya kwanza sikuwa na la kumtania.

Rahema alinifuata nyuma ya jikoni, nilikokuwa na Karwirwa tunajifanya tunaosha vyombo. Karwirwa machozi yanashuka kwenye sufuria.

"Mama," Rahema akamwambia, "vile vidonge, mzee huvimeza na nini?"

"Na maziwa. Kikombe kile kikubwa. Na chakula juu yake, simwachi na njaa hata siku moja."

"Na siku ile mliyofunga?"

Mimi ndiye niliyejibu. "Na maji. Hakukuwa na kingine."

"Na kwako, Makandi?"

Makandi alikuwa amesimama mlangoni. "Mimi hutoka kwenda kazini mapema. Namwachia kidonge na maji. Chai anakunywa baadaye, dada wa kazi akija kuipika."

Rahema akaketi juu ya gogo. Hapo karibu yalikuwa matumbo ya mbuzi kwenye beseni, yanangoja kusafishwa.

"Mama mkubwa," akaniambia mimi, "umeyaona matumbo ya mbuzi aliyechinjwa sasa hivi, namna yanavyojivuta yenyewe?"

"Nimeyaona tangu nikiwa msichana. Yanatembea kama jongoo."

"Basi hata yetu hutembea hivyo, yanasukuma chakula kwenda mbele. Ugonjwa huu wa mzee hauko mikononi tu. Umeingia kwenye mishipa ya fahamu inayoyaamrisha matumbo. Yamekuwa mazito. Tumbo la juu linakikalia chakula badala ya kukiachia, ndiyo maana anashiba upesi. La chini nalo linalala, ndiyo maana anakaa chooni. Kwa wengi tumbo hutangulia, hata miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka."

Nikamtazama Karwirwa, naye akanitazama. Tulikuwa tunaifikiria ile redio.

"Sasa kidonge," Rahema akaendelea, "hakifanyi kazi tumboni. Lazima kivuke kifike kwenye utumbo mwembamba, ndipo kiingie kwenye damu. Ukikimeza juu ya njahi, kinaketi pale kama kuku anayeatamia. Na kikifika kule chini kinakuta mlango mmoja, ambao ndio nyama, maziwa na maharagwe hupitia vikishasagika. Mlango ni mwembamba, na hao wengine wanene. Kidonge kinasukumwa nje."

Karwirwa akaacha sufuria. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfunga mume wangu, kwa maziwa yangu mwenyewe."

"Hapana, mama. Umemlisha kama mtu anayependwa. Tutabadilisha saa tu, na daktari atatuambia kama tumepanga sawa."

Wakarudi kwa daktari, akakubali. Kidonge kwa maji, kisha mzee akae kidogo ndipo ale. Asubuhi uji wa wimbi bila maziwa, mchana mboga na viazi na papai, maji mengi, na kutembea shambani hata kama hana kazi huko. Mafuta ya mbarika na ile mizizi michungu vikome, apewe unga mwepesi wa kulainisha choo. Nyama, maziwa na njahi hakunyimwa. Vilihamishiwa jioni, wakati mikono haina shughuli.

Nisidanganye hapa, ingawa mahali pengine naweza. Hakupona. Zilikuwako siku mbaya, na hakuna aliyejua mbaya ni ipi mpaka ifike. Lakini siku nzuri zikaanza kuwa nyingi, na redio ikaanza kurudi kutoka chooni kabla ya mahubiri.

"Basi mto Thuci hauna hatia," Kivuti akasema.

"Nenda ukauombe msamaha," nikamwambia. Nasikia alikwenda akautupia sarafu. Hilo sikuliona, ila siwezi kulikataa.

Siku ya kufunga ncoolo ikafika. Ncoolo hufungwa asubuhi ile ile ya safari, iingie kwa wakwe ikiwa bado na umande. Wazee waliketi uani kwa duara. Miraa ilikuwa imechaguliwa, jani limepitishwa juu ya moto likalainika. Bundi alikuwa amemeza kidonge kwa maji mapema, akangoja.

Kidonge hakikumfungua mikono. Kidole gumba kinasokota, kinasokota. Wasiwasi ulikuwa umemfunga tumbo siku kadhaa, hakumwambia mtu, na kila kitu mle ndani kilikuwa kimesimama. Wazee wakaanza kulitazama jua. Jani likaanza kukakamaa pembeni. Misheck, na suti yake, alikuwa anatoa jasho kama mtu anayepakua mawe.

Kivuti akainuka akalichukua jani kwa upole. "Ndugu yangu, niache nikushikie tu."

"Weka chini," Bundi akasema.

"Wakwe wanangoja."

"Weka chini, Kivuti. Mama Makandi, nipe maji ya moto."

Akanywa kikombe kizima, akamshika mkewe mkono, wakaanza kuizunguka migomba. Hatua fupi fupi. Wakapotea nyuma ya majani, wakatokea, wakapotea tena. Safari fulani walipotokea, mzee alikuwa ameongeza mwendo na uso una kazi. Akamwachia Karwirwa mkono, akaelekea chooni moja kwa moja.

Mlango ukafungwa. Sasa pale uani tulikuwa watu wengi wenye heshima zetu, na wote tunautazama mlango wa choo.

"Nimewahi kumngoja mkuu wa wilaya," mzee mmoja akasema, "lakini si kwa hamu hii."

"Misheck mwanangu," nikasema, "usihangaike. Ndoa yako iko mle ndani, inakuja."

Wazee wakacheka mpaka wakashika fimbo. Kutoka chooni ikaja sauti ya Bundi mwenyewe. "Shemeji, ajenda zote zimepita." Nilijua hapo kwamba tutaenda Ruiri.

Alitoka, akanawa kwa sabuni, akanawa tena. Akaketi mbele ya jani bila kuharakisha. Aliiweka mikono magotini, nasi tukakitazama kile kidole. Kilisokota. Kikapunguza. Kikasokota mara moja moja kama mtu anayesinzia. Kisha kikatulia, naye akanyoosha mkono akachukua kamba ya mgomba, na kile kidole kilichosokota hewa miaka yote hiyo kikapata kamba yake. Alivika, akazungusha, akakaza kwa meno na goti. Kivuti alimshikia upande mmoja, na Bundi hakumzuia. Alipomaliza aliirusha ncoolo kwa Misheck kama mtu anayerusha mpira.

Ruiri walitupokea vizuri. Mzee Njura aliigeuza ncoolo, akaibinya, akainusa, akajaribu kifundo kwa kucha zake. Kifundo hakikujali. Akaomba kisu.

"Kisu hapana," Bundi akasema. Akainuka, akatembea mwenyewe mpaka mbele, akavuta ncha moja. Jani lote likafunguka.

Njura akaitazama ile ncha. "Aliyeifunga ni nani?"

"Baba yake kijana," Bundi akajibu.

"Basi tuongee," akasema Njura.

Mkewe akamletea Bundi kibuyu cha maziwa, mbele ya watu wote. Ilikuwa mchana, na kidonge kilikuwa kimeingia muda si mrefu. Kukataa maziwa ya wakwe ni kuwatukana. Mimi nikainuka nikakipokea kibuyu kwa mikono miwili, nikawaambia kwamba kwa ukoo wetu maziwa ya kwanza ya wakwe hunywewa na shemeji mkubwa, ili kama yana neno, limpate yeye. Hakuna ukoo wenye desturi hiyo chini ya mlima huu. Nilikunywa yote, na yalikuwa matamu.

Walimwekea Bundi mengine. Jioni, maneno yakiwa yamekwisha vizuri na Kiende ameitwa akakubali mbele ya wote, Bundi aliyanywa, akala na ubavu wa mbuzi, akaegemea kiti. Dawa ya mchana ilikuwa imekwisha nguvu. Kidole gumba kikaanza tena kusokota juu ya goti lake, polepole. Njura akakitazama, akanitazama mimi.

"Mzee anafanya nini?" akaninong'oneza.

"Usimsumbue," nikamwambia. "Anafunga ya mjukuu."